Kupima mashine kuukuu ya mtumbwi kabla haijakupeleka ziwani

Mashine ya mtumbwi iliyolala stoo miaka mitano, au iliyopita mikono mitatu kati ya Kirumba, Igombe na Ukerewe huku kwetu Mwanza, haivutwi kamba siku inapofika nyumbani. Kamba huja mwisho. Mara nyingi mashine kuukuu haiuawi na uzee. Inauawa siku ya kujaribiwa na mtu aliyetaka kusikia mlio tu: ringi zilizoganda zikakwangua silinda, au impela kavu, yaani gurudumu la mpira la pampu ya maji, ikaungua ndani ya nusu dakika. Ndiyo maana vipimo hivi vimepangwa kwa zamu, kila kimoja kikilinda kinachofuata.

Maelekezo ni ya mashine za kuchanganya oili, za farasi 8 hadi 40, zenye kabureta na kamba ya kuvuta: Yamaha Enduro, Suzuki, Mariner, Johnson, Evinrude na zinazofanana nazo. Andaa kipimo cha kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa) chenye nyuzi za mm 14, spana ya plagi ya mm 21, filageji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), sirinji ya mililita 20 isiyo na sindano, chupa ya plastiki angavu, bisibisi pana, plagi mpya na impela mpya. Ukiweza ongeza takometa ndogo ya kuhesabu mizunguko ya injini, ile ambayo waya wake unazungushiwa kwenye waya wa plagi. Bei yake si kubwa, nayo inasema kweli kuliko masikio ya mafundi watatu.

Anza na namba

Kabla ya spana, angalia kibati cha namba kwenye breketi ya kufungia mashine. Kibati kilichokwanguliwa, kilichong'olewa au kilichopigwa ripiti mpya ni sababu tosha ya kuiacha mashine hiyo ilipo, hata kama bei inavutia. Wizi wa mashine unawaumiza wavuvi, na ukikutwa na mashine ya mtu, risiti ya mkono haitakuokoa. Namba ikiwa safi, inakusaidia pia kuagiza spea sahihi. Farasi 15 za miaka tofauti zinafanana kwa sura, lakini gaskiti na impela zake si lazima ziingiliane.

Inazunguka?

Toa plagi zote. Ingiza mililita 10 za oili ya mashine katika kila silinda kwa sirinji, uiache mashine imesimama wima usiku kucha. Asubuhi shika gurudumu la juu kwa mikono miwili, lizungushe taratibu kuelekea upande ambao kamba huvuta. Liende laini, likipata uzito kidogo na kuachia. Usilazimishe. Ikikwama kabisa, ongeza oili ile ile iliyochanganywa nusu kwa nusu na mafuta ya taa, subiri siku mbili au tatu, ukijaribu kidogo kidogo mbele na nyuma. Ringi iliyoganda kwa kutu huachia kwa subira. Ukitumia nguvu inavunjika, na kipande chake kinapita kwenye madirisha ya silinda (matundu ya kupitishia mchanganyiko na moshi) kikichora mfereji usiozibika.

Ikizunguka, shika gurudumu hilo hilo ulisukume na kulivuta juu na chini, kisha pembeni. Mchezo wa pembeni unaousikia mkononi maana yake beringi za kreki, shafti kuu ya injini, zimekwisha. Mashine ya namna hiyo itawaka, itaunguruma vizuri pwani, na itakuacha katikati ya ziwa. Kwa mashine ndogo, kubadilisha kreki na beringi hukaribia bei ya mashine nyingine kuukuu, hivyo piga hesabu hapa kabla hujaweka shilingi nyingine.

Kompresheni, na hesabu ya Mwanza

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Namba zinazotajwa na watu wa Dar es Salaam hazisomeki hivyo Mwanza. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa imepungua msongamano kwa zaidi kidogo ya asilimia 10 ukilinganisha na pwani. Silinda inabana kile ilichovuta. Mashine ileile, ringi zilezile, ikisoma psi 120 (psi ni kizio cha shinikizo) pale Dar, hapa itasoma kama 105. Kwa hiyo usiikatae mashine nzuri kwa sababu ya namba ya pwani. Na muuzaji akikuambia ameipima ikatoa 120, muulize aliipimia wapi.

Funga kipimo kwenye tundu la plagi ya juu, na plagi ya chini ibaki imetolewa. Waya zote mbili za plagi ziunganishe na mwili wa injini. Moto usio na pa kwenda unaweza kuchoma koili au kisanduku cha moto, na visanduku hivyo ni ghali. Fungua mkono wa mafuta, ule wa kuongeza resi, hadi mwisho. Kama mkono unakataa kufunguka mashine ikiwa haina gia, shikilia kipepeo cha kabureta kwa kidole. Vuta kamba kwa nguvu mara tano au sita mpaka mshale uache kupanda. Andika, kisha hamia silinda nyingine na uvute idadi ileile.

Kwa Mwanza, mashine ndogo za zamani zilizo hai kwa kawaida zinasoma kati ya 90 na 120. Chini ya 80, jiandae kufungua kichwa. Lakini tofauti kati ya silinda na silinda ina uzito kuliko namba yenyewe. Silinda mbili zinazosoma 92 na 95 ni salama kuliko zinazosoma 118 na 90. Tofauti ikizidi sehemu moja ya kumi, kuna tatizo la silinda moja, na ukiipa mzigo ndiyo itakayokufa kwanza.

Silinda iliyosoma namba ndogo itie kijiko kimoja cha chai cha oili, zungusha mara mbili, upime tena. Ikipanda sana, ringi au silinda imelika. Isipopanda, tazama gaskiti ya kichwa, hasa kama kuna mstari wa kutu au chumvichumvi nyeupe kwenye kiungo cha kichwa na bloku. Kipimo chenyewe nacho kikague: kile cha mpira mrefu chenye vali mbali na ncha husoma chini, kwa sababu hewa ya mpira inahesabika kama sehemu ya chumba cha silinda. Kwa kulinganisha silinda mbili kinafaa, ila usilinganishe namba zake na za kipimo cha fundi mwingine.

Moto wa plagi

Moto unaoonekana plagi ikiwa imeegeshwa kwenye kichwa cha injini hauthibitishi kitu. Katika hewa ya kawaida moto huruka kirahisi, lakini ndani ya silinda iliyobanwa unahitaji nguvu zaidi. Tengeneza kipimo chako: kipande cha mbao kavu, misumari miwili, ncha zake zikitazamana kwa umbali wa mm 7. Msumari mmoja uvishe kofia ya plagi, mwingine uunge na mwili wa injini kwa waya. Kaa mbali na petroli na matundu ya plagi, vuta kamba. Unataka moto wa bluu unaolia "ta! ta!" na kuruka nafasi yote. Ukiwa wa njano, mwembamba, wenye kukatakata, mashine itawaka ikiwa baridi na kugoma ikipata moto.

Kukosekana kwa moto kabisa mara nyingi ni kosa la bei ndogo. Kwanza angalia kamba ya kuzimia: kile kipini chekundu kikitoka, au mtu akikipoteza na kuweka kipande cha mpira wa ndala, swichi hubaki imefungwa. Chomoa waya wa kuzimia ujaribu tena. Moto ukirudi, tatizo ni swichi. Usiiache mashine bila swichi ya kuzimia eti imeshawaka. Mtu akianguka majini mtumbwi huzunguka na kumrudia, pangaboi likizunguka.

Mashine za zamani zaidi zina platini, vidole vya kukata na kuunga umeme wa plagi, chini ya gurudumu. Zisafishe kwa karatasi ya kawaida iliyolowa petroli, msasa mkali ukwepe, na nafasi yake ikiwa wazi kabisa iwe karibu mm 0.35, isipokuwa kibati au kitabu cha mashine kinasema vingine. Plagi ya Enduro nyingi ni B7HS, nafasi mm 0.6. Plagi ya pikipiki inayofanana nyuzi lakini yenye shina refu inagonga pistoni. Ipime kwa jicho dhidi ya ile ya zamani kabla hujaifunga.

Petroli na oili

Petroli ya zamani iliyomo tangini imwage kwenye dumu la taka, usiimwage ziwani wala kwenye mtaro unaoshuka ziwani. Maji ya bomba ya jiji letu yanatoka humo humo.

Petroli mpya nayo ipimwe kabla ya kutia oili. Dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe, yaache yakauke kivulini. Karatasi ikibaki na doa la mafuta, petroli imechanganywa na mafuta ya taa au dizeli, nayo itagonga injini na kuacha kaboni kwenye madirisha ya ekzosi. Kisha jaza chupa angavu, iache dakika kumi. Maji huzama chini yakakaa kama shanga. Petroli ya mapipa inayouzwa mwaloni, pale mitumbwi inapofika nchi kavu, ipimwe hivi kila mara, maana pipa linaloachwa wazi usiku huingia maji.

Mashine nyingi za aina hii hutumia mchanganyiko wa 50 kwa 1: mililita 20 za oili kwa kila lita, yaani sirinji moja. Lita 5 ni mililita 100, lita 20 ni mililita 400. Mashine iliyotiwa pistoni au ringi mpya huanza na 25 kwa 1, mililita 40 kwa lita, kwa saa 10 za kwanza. Baadhi ya mashine za kale sana hutaka 25 kwa 1 siku zote, hivyo soma kibati. Oili iwe ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3. Oili ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo, yenye joto kali. Ndani ya mashine inayopozwa na maji ya ziwa haichomeki vizuri, inagandisha ringi na kuziba plagi. Na kuongeza oili "kwa usalama" hakusaidii: oili ikizidi, petroli inapungua katika kila tone, na mchanganyiko unaoingia unakuwa mkavu.

Tia oili kwanza na petroli kidogo, tikisa, ndipo ujaze. Kabureta iliyolala muda mrefu ifunguliwe bila mjadala. Ndani utakuta utomvu wa kahawia, na tundu la jeti ndogo, kipande kinachopimia petroli, limeziba kabisa. Safisha kwa petroli na upepo wa kompresa. Usichokoe jeti kwa waya wa chuma, kwa maana tundu likipanuka hata kidogo mashine haitatulia tena. Nyuzi moja ya waya laini wa shaba inatosha. Skrubu ya mchanganyiko ifunge polepole mpaka iguse, kisha irudishe zungusho moja na nusu. Huko ni kuanzia tu, utarekebisha ikiwaka.

Hewa ya hapa ikiwa nyepesi, mashine iliyowekwa kwa pwani hula petroli nyingi kidogo kuliko inavyohitaji. Wapo wanaokimbilia kubadilisha jeti kubwa kwa ndogo. Usifanye hivyo kabla ya kusoma plagi, yaani kutazama rangi yake, baada ya mzigo. Petroli ikizidi kidogo utapoteza hela, lakini ikipungua kidogo inatoboa pistoni.

Stendi na pipa

Impela ni gurudumu la mpira lenye mabawa yanayosuguana na kikombe chake. Bila maji hakuna kinachoilainisha, na sekunde 15 zinatosha kuikwangua. Kwa mashine iliyolala, usiamini impela iliyomo: mabawa yake yameshika umbo la kujikunja na hayanyooki tena. Badilisha kabla ya kuwasha, na ukague kikombe. Kama kucha inakwama kwenye michirizi yake, kikombe nacho kimekwisha. Michirizi hiyo huletwa na mchanga, kwa wale wanaowasha mashine majini kina cha magoti.

Chimbia nguzo mbili imara, ufunge mbao ngumu ya kukingama yenye unene wa sm 4 hadi 5. Ukitumia pipa la lita 200, urefu wake ni kama sm 88. Kwa mashine ya shina fupi la inchi 15, uso wa juu wa mbao uwe sm 105 hadi 110 kutoka ardhini. Kwa shina refu la inchi 20, uwe sm 120 hivi. Hapo lile bapa lililo juu ya pangaboi litakuwa sm 10 ndani ya maji, pipa likijaa hadi sm 80. Kaza vishikio vya mashine kwa mkono, kisha uvifunge kwa mnyororo, maana mtetemo hulegeza.

Fanya kazi hii nje penye upepo. Moshi hutokea ndani ya maji ya pipa na kuzunguka kurudi kwenye kabureta. Ukumbini au ndani ya banda mashine inaweza kuzimika kwa kukosa hewa, na mtu akazimia vilevile.

Kuvuta kamba

Legeza tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Kamua kipira cha mafuta, mshale wake ukielekea injini, mpaka kiwe kigumu. Kisipokuwa kigumu, kuna hewa inaingia kwenye viungo au floti haifungi. Toa gia, weka mkono wa mafuta kwenye alama ya kuwashia, vuta choki. Vuta kamba taratibu mpaka uhisi imeshika, ndipo uvute kwa nguvu moja ndefu. Hakikisha hakuna mtu nyuma ya kiwiko chako.

Mara tatu au nne zatosha. Ikikohoa, rudisha choki nusu. Isipokohoa na ukaanza kunusa petroli, imefurika: rudisha choki yote, fungua mafuta, vuta mara sita. Ikigoma, toa plagi uzitazame. Zikiwa kavu, petroli haifiki. Zikilowa, moto hautoshi au petroli imezidi. Kila jibu lina mahali pake pa kutafuta, hivyo usiendelee kuvuta kwa hasira mpaka kamba ikatike.

Ikiwaka, jicho la kwanza liende kwenye tundu la maji. Ndani ya nusu dakika mashine ianze kukojoa mfululizo. Isipokojoa, zima, usisubiri. Chokoa tundu lenyewe kwa waya laini kwanza, kwa sababu nyigu na matope hupenda kujenga humo. Kama maji bado hayatoki, rudi kwenye impela na neli ya kupandisha maji. Yakitoka, yaguse baada ya dakika tano: yawe ya uvuguvugu. Dondosha tone la maji kwenye kichwa cha silinda. Likichemka na kulia "chss", njia za maji zimeziba ndani kwa matope, hata kama tundu linakojoa vizuri.

Resi ya chini, mashine ikiwa haina gia, iwe takriban mizunguko 900 hadi 1,100 kwa dakika. Geuza skrubu ya mchanganyiko robo zungusho kila mara na usubiri sekunde kumi, mpaka upate mahali inaponguruma kwa utulivu zaidi. Ukiona resi inapanda yenyewe, au inachelewa kushuka ukifunga mafuta, hewa inaingia mahali. Paka oili kwa brashi kwenye kiungo cha kabureta na cha kreki, sehemu moja baada ya nyingine. Resi ikibadilika, umepaona. Isipobadilika popote, shuku sili za kreki, ambazo hukauka na kuwa ngumu kama kucha mashine ikilala. Usiipeleke ziwani hivyo. Hewa ya ziada maana yake petroli na oili pungufu.

Dakika kumi za pipa zinatosha, tena kwa resi ndogo. Usipige resi kubwa kwenye pipa. Maji yanajaa povu, impela inavuta hewa, na injini isiyo na mzigo inazunguka kuliko uwezo wa beringi zake.

Gia boksi na pangaboi

Mashine ikishapoa na kusimama wima usiku mmoja, legeza skrubu ya chini ya gia boksi zungusho mbili tu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yameingia yatatangulia kutoka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inasema jambo hilohilo. Kwetu huku chanzo cha kawaida ni nyavu. Uzi wa nailoni hujizungusha nyuma ya pangaboi, unayeyuka kwa joto na kukata sili. Toa pangaboi, utaukuta umejibana kama bangili nyeusi kwenye shafti. Unga laini wa chuma kwenye skrubu si wa kutisha, lakini chembe zenye pembe ni meno ya gia.

Oili mpya ya gia, SAE 90, jaza kutoka tundu la chini mpaka itokee la juu. Ukijaza kutoka juu unafungia hewa ndani. Funga skrubu ya juu kwanza, ndipo utoe pampu na kufunga ya chini, zote na washa (pete za kuzuia kuvuja) mpya.

Kabla ya kurudisha pangaboi, chora mstari mmoja wa rangi unaovuka kitovu cha ndani, mpira na sehemu ya nje. Mstari huo utaukagua baada ya jaribio la ziwani.

Ziwani na mzigo

Mashine iliyonguruma kwenye pipa bado haijajaribiwa. Chagua asubuhi ziwa likiwa limetulia, kabla upepo wa mchana haujaanza, mbali na nyavu za watu, na mbali na njia za vivuko kama cha Kamanga. Vaeni maboya, chukueni makasia, na mtumbwi wa pili uwe karibu. Pakia mifuko sita ya mchanga ya kilo 50, au mzigo unaolingana na kazi ambayo mashine itaifanya. Mtumbwi mtupu utakudanganya.

Mashine iliyofanyiwa matengenezo ya ndani haiendeshwi kwa nguvu siku hiyo. Saa ya kwanza nusu ya mafuta, resi kama 2,000. Saa ya pili robo tatu, kama 3,000. Saa nane zinazofuata unaweza kufungua yote, lakini si zaidi ya dakika tano kwa mfululizo.

Iliyo tayari, ipashe joto dakika kumi kwa nusu, kisha fungua yote ukiangalia takometa. Farasi 15 za kawaida zimewekewa kufanya kazi kati ya 4,500 na 5,500. Hapa kwetu farasi 15 inatoa kama 13, kwa sababu ya ile hewa nyepesi, kwa hiyo pangaboi lililochaguliwa pwani mara nyingi linaelemea. Ukisoma 4,300 na kompresheni ni nzuri, jaribu pangaboi lenye pichi (umbali wa kusonga mbele kwa mzunguko mmoja) pungufu kwa inchi moja, na resi itapanda kwa 150 hadi 200. Mtumbwi utakimbia vilevile au zaidi, na injini haitajikaza. Kasi pima kwa GPS ya simu, kwenda na kurudi njia ileile, uchukue wastani, kwani upepo na mawimbi huongeza upande mmoja na kupunguza mwingine.

Resi ikiruka juu ghafla huku mtumbwi hauongezi mwendo, tazama ule mstari wa rangi. Ukikatika na kusogea, mpira wa kitovu unateleza. Mstari ukibaki sawa, pangaboi linavuta hewa: shusha mashine au rekebisha pembe yake. Nguvu ikipungua polepole kwenye magugu maji, zima kabisa, inua, safisha matundu ya kuingizia maji. Magugu yakiyafunika, mashine huchemka huku bado inakimbia.

Kisha soma plagi. Endesha mafuta yote dakika tatu, zima kwa kuvuta kamba ya kuzimia bila kurudisha resi, uache mtumbwi uelee. Toa plagi hapo hapo. Kahawia kama ganda la karanga zilizokaangwa, hiyo ndiyo sahihi. Nyeusi na yenye mafuta: petroli au oili imezidi, na kama silinda zote mbili ziko hivyo ndipo unapoweza kufikiria jeti ndogo, ngazi moja tu. Nyeupe kavu, yenye malengelenge: petroli haitoshi au hewa inaingia, rudi taratibu kwa resi ndogo. Vitone vya kung'aa vya aluminiamu kwenye kauri ni pistoni inayoyeyuka, na mashine isiwashwe tena mpaka ifunguliwe. Plagi moja ikiwa safi kupita kiasi, kama imeoshwa, huku nyenzake ina rangi, maji yanaingia kwenye silinda hiyo kupitia gaskiti.

Kuilaza

Chomoa mpira wa mafuta, fungua skrubu ya bakuli la kabureta umwage petroli iliyobaki kwenye chombo. Tia mililita 10 za oili kila silinda, vuta kamba polepole mara tano, rudisha plagi. Iache wima mpaka maji yote yashuke. Ukiisafirisha kwa toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, kichwa kiwe juu kuliko gia boksi muda wote, maji yaliyobaki kwenye ekzosi yasirudi ndani ya silinda.

Ndani ya kofia ya mashine andika kwa kalamu ya rangi: tarehe, kompresheni ya silinda ya juu na ya chini, resi ya mwisho ikiwa na mzigo, na pichi ya pangaboi. Pima tena baada ya miezi mitatu. Silinda iliyoshuka psi 15 huku nyenzake imebaki palepale ndiyo ya kufungua, wakati ringi mpya bado zinatosha na silinda haijakwanguka.